Wakili Aliyeachishwa Kazi: Somo la Busara kwa Anayepima Ajira Mpya



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi, msimu wa kuuza pamba. Kaka yangu mkubwa alikuwa nyumbani pia, jambo ambalo si la kawaida. Kwa miaka sita amefanya kazi mjini katika kampuni ya ushauri elekezi, akizunguka wilaya hadi wilaya kutathmini miradi ya watu wengine. Kampuni hiyo, ambayo sitaitaja, ilipoteza mikataba miwili mikubwa kwa mpigo ikapunguza watu, na jina lake likawa katika orodha. Alirudi na begi moja na kompyuta yake. Shemeji na watoto wawili wakabaki mjini kwanza kwa sababu ya shule.

Wiki ya pili ya likizo yangu alipata barua. Ofisi moja ya usimamizi wa miradi, hapa hapa mkoani, ilimpa nafasi ya afisa mipango: mkataba wa miaka miwili, mshahara wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ajibu ndani ya siku kumi. Jioni ile alinikuta nachambua mchele na mama, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Frateri, wewe ndiye unayesomea hekima huko. Niambie, niende nisiende?"

Nilimjibu upesi: "Kaka, kazi ni kazi. Mshukuru Mungu, nenda."

Akanitazama. "Hilo hata bodaboda wa stendi angeniambia bure," akasema, akanyanyuka.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa maadili wiki tatu zilizopita, nikapata alama nzuri katika swali la busara, na swali lilipokuja na miguu yake hadi nyumbani nilijibu kama mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya kurekebisha jibu lile. Naliandika pia kwa sababu najua parokiani kwetu, na huenda kwako pia, kuna watu ambao mwaka huu wameitwa ofisini wakaambiwa mkataba umeisha.

Wakili wa Luka 16

Katika Injili kuna mtu mmoja aliyepunguzwa kazi, nasi tumezoea kumpita haraka kwa sababu anatutia aibu. Ni wakili wa Luka 16:1-8. Tajiri anamwambia alete hesabu, uwakili wake umekwisha. Yule mtu anakaa na kujisemea moyoni: kulima hawezi, kuomba anaona haya. Kisha anawaita wadeni wa bwana wake na kuwapunguzia madeni ili baadaye wampokee nyumbani kwao. Mwishoni bwana anamsifu.

Anamsifu kwa nini? Si kwa udanganyifu. Neno la Kigiriki linalotumika pale ni la ukoo mmoja na *phronesis*, lile ambalo Aristotle analitumia katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako kuitaja busara ya kutenda. Wakili alitazama hali yake ilivyo, bila kujidanganya, akatenda kabla muda haujaisha. Mtakatifu Toma wa Akwino anatusaidia kutenganisha mambo mawili yaliyochanganyika ndani ya mtu huyu. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 55, anaeleza kwamba kuna busara ya bandia, ile inayopanga vizuri sana njia za kufikia lengo baya au lengo dogo lililofanywa kuwa kubwa kuliko yote. Kupanga vizuri peke yake hakutoshi. Jambazi naye hupanga vizuri.

Mimi huyu wakili nampenda kwa jambo moja zaidi: anakiri udhaifu wake kwa majina. Hawezi kulima, anaona haya kuomba. Wangapi kati yetu tukiachishwa kazi tunaweza kutaja sentensi mbili za kweli namna hiyo kuhusu nafsi zetu? Kaka yangu alikaa nyumbani wiki saba akiwaambia watu kwamba yuko likizo.

Kwanza, unataka nini?

Aristotle anasema, na Toma anamfuata, kwamba hatushauriani juu ya lengo bali juu ya njia. Daktari hakai kujiuliza kama amponye mgonjwa; anajiuliza amponye kwa njia gani. Kwa hiyo mtu anayeuliza "niende nisiende" bila kujua anaelekea wapi anafanana na mtu aliyesimama stendi ya Bariadi akiuliza apande basi lipi, na hajasema kama anakwenda Mwanza au Mwanhuzi.

Siku ya pili nilimfuata kaka shambani nikamuuliza tu, "Unataka nini?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa umri wake mbele ya mdogo wake: "Nataka niheshimiwe."

Nikamshukuru kwa ukweli huo. Ushauri elekezi una heshima yake. Unafika kwenye halmashauri na gari, unapokelewa, unauliza maswali, unaandika mapendekezo, unaondoka. Wanaobaki na matokeo ni wengine. Katika ofisi ya miradi wewe ndiye unayebaki. Unashika kalenda ya kazi, bajeti, daftari la vihatarishi, mawasiliano na mkandarasi na mhandisi msimamizi, taarifa ya kila robo mwaka. Hujengi wewe, wala husifiwi jengo likisimama. Likichelewa, simu ya kwanza inapigwa kwako. Kaka aliona hii kuwa ni kushuka: kutoka mtu anayeulizwa hadi mtu anayejaza majedwali.

Hapo ndipo tulipobishana kweli. Nilimkumbusha Mwalimu Nyerere. Machi 1955 alijiuzulu ualimu wake Pugu na kubaki bila mshahara, kwa sababu alilazimika kuchagua kati ya kufundisha na TANU. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, aliacha hata uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kujenga chama. Kwa ngazi za cheo, alishuka mara mbili. Kaka akanijibu kwamba Nyerere alikuwa Nyerere, na kwamba watoto wake yeye wanakula kila siku. Lilikuwa jibu zuri. Mfano wa mtu mkubwa usitumike kama fimbo ya kumchapa mtu mwenye njaa. Lakini nadhani kuna kitu kilibaki, kwa sababu siku mbili baadaye alirudi mwenyewe akasema: "Sawa. Heshima si lengo. Nataka watoto wasome bila kuhamahama, na nataka nikizeeka niweze kuonyesha kitu kimoja nilichokimaliza." Hapo tukawa na lengo, na lengo likaanza kuchuja njia.

Kuhusu ofisi za miradi hapa kwetu

Naomba niingize neno kwa wasomaji ambao hawaijui Simiyu. Mkoa wetu ni mchanga, ulianza rasmi mwaka 2012, una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mvua yake haina adabu. Maji ndiyo habari kubwa. Mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, wa kuyatoa maji Ziwa Victoria na kuyaleta katika wilaya zetu, ulipata idhini ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ukiwa na fedha za Mfuko huo, za Ujerumani kupitia benki ya KfW, na za Serikali yetu. Kati ya idhini na mtaro wa kwanza kuna miaka ya upimaji, michoro, zabuni na mikataba. Mama aliyebeba ndoo haoni kazi hiyo, lakini isipofanyika vizuri bomba halifiki. Ofisi iliyomwita kaka si ya mradi huo, nalisema wazi ili nisieleweke vibaya. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha kwamba "kukaa mezani" si lazima kuwe kazi ya kivivu.

Nehemia alijua hilo. Kabla ya kumwambia mtu yeyote mpango wake wa kujenga ukuta wa Yerusalemu, alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua mahali palipobomoka (Neh 2:11-16). Sura ya tatu, ambayo wengi tunairuka tukisoma Biblia, ni orodha ndefu ya nani alijenga kipande kipi. Ni mpango kazi! Na sura ya tano inasema kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali aliyostahili, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Sijui ofisi nyingi za miradi zinazoweza kusoma mistari hiyo kwa sauti kwenye kikao.

Viungo vya busara

Katika swali la 49 Toma anataja viungo vinane vya busara: kumbukumbu, ufahamu, utayari wa kufundishwa, wepesi wa kung'amua, kufikiri kwa hoja, kuona mbele, kuzingatia mazingira, na tahadhari. Darasani tunavikariri. Mezani kwa kaka vichache tu ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, nami nitakaa na hivyo.

*Kumbukumbu.* Toma anasisitiza kwamba busara hujengwa juu ya mambo yaliyokwisha kutokea, na kwamba kumbukumbu inapaswa kuwa ya kweli. Mtu aliyepunguzwa kazi ana kumbukumbu yenye uongo wa aina mbili. Wiki moja kazi ya zamani ilikuwa peponi. Wiki inayofuata ilikuwa jehanamu. Dawa tuliyopata ni kalamu. Alikuwa na picha kichwani kwamba alikuwa akilipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi na sasa anaitwa kwa 1,800,000. Nikamwomba afungue taarifa za benki za mwaka wake wa mwisho. Alilipwa miezi saba kati ya 12. Miezi mingine alikuwa akisubiri mkataba mpya. Kila malipo yalikatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio. Jumla aliyoipokea ni 19,950,000, yaani wastani wa 1,662,500 kwa mwezi, na bado hatujagusa kodi ya mwisho wa mwaka, wala bima ya afya aliyojilipia mwenyewe.

Upande wa pili: katika 1,800,000, asilimia 10 yaani 180,000 inakwenda NSSF. Inabaki 1,620,000 ya kutozwa kodi ya mshahara: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya 620,000 iliyozidi, ambayo ni 186,000. Kodi yote ni 314,000. (Bodi ya Mikopo alikwisha kumalizana nayo, la sivyo asilimia 15 nyingine ingeondoka.) Mkononi anapata 1,306,000. Lakini NSSF inaingia 180,000 yake na 180,000 ya mwajiri. Ukizijumlisha zote unapata 1,666,000.

Tuliitazama ile karatasi tukacheka. Tofauti ni shilingi 3,500, na inaegemea upande wa ofisi. Ni kweli fedha ya NSSF huwezi kununulia mboga leo, na kaka hakuacha kunikumbusha. Lakini ile kazi ya milioni tatu iliyokuwa ikimsumbua usingizini haikuwahi kuwapo kwa kweli. Ilikuwapo miezi saba.

*Utayari wa kufundishwa.* Toma anasema hakuna mtu anayejitosheleza katika mambo ya busara, na hapo wazee wana sehemu yao. Kaka alikuwa ameuliza wenzake wa rika lake tu, kwenye simu. Tukaenda kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu, mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika. Hakutoa ushauri wa kwenda au kutokwenda. Aliuliza swali moja: "Mkataba wako wa zamani uliitwaje?" Kaka akaujibu: wa ushauri. Mzee akatikisa kichwa.

Hapa kuna somo ambalo ningependa kila kijana wa parokia alisikie. Kwa miaka sita kaka alikuwa akiingia ofisini saa mbili, akitumwa na bosi, akiomba ruhusa akiugua, lakini karatasini alikuwa mtoa huduma na si mwajiriwa. Kwa hiyo siku ya kuachishwa hakukuwa na mazungumzo ya kiinua mgongo, ambacho kwa sheria ya ajira ni walau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka kumi. Hakukuwa na NSSF, na kwa hiyo hakukuwa na fao la kutokuwa na ajira, ambalo aliyechangia walau miezi 18 hupata theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Sheria yetu haiangalii jina la karatasi tu, inaangalia pia hali halisi ya kazi, na mtu anayeona aliachishwa isivyo haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini ndani ya siku 30. Kaka alikuja kujua haya siku ya 50 na kitu.

Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake Laborem Exercens, wa tarehe 14 Septemba 1981, ana dhana inayofaa sana hapa: mwajiri asiye wa moja kwa moja (namba 17). Ni wale wote ambao hawakupi barua ya ajira lakini maamuzi yao ndiyo yanayoamua masharti ya kazi yako: dola, sera, taasisi za kimataifa. Mwaka 2025 wengi Afrika Mashariki walimwona huyu mwajiri kwa macho, pale Marekani iliposimamisha misaada yake Januari, ikatangaza Machi kufuta asilimia 83 ya programu za USAID, na Julai shirika lenyewe likaacha kazi hiyo. Watu waliokuwa wakipima wagonjwa vijijini waliachishwa na uamuzi uliofanyika mahali ambapo hawatafika maishani. Kisa cha kaka ni kidogo na kina njia yake nyingine, lakini dhana hiyo ilimpunguzia uchungu kwa namna moja: aliacha kujiuliza usiku alikosea nini. Waraka ule ule (namba 6) unafundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya na si kwa aina ya kazi inayofanyika. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi. Sikuwahi kulisema mbele ya mtu ambaye hana kazi. Ni tofauti.

*Tahadhari.* Kuna usiku mmoja kaka aliamua kukataa nafasi ile. Sababu? Aliona picha ya mwenzake wa zamani akiwa kwenye semina hotelini. Nikamweleza kanuni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika Mazoezi ya Kiroho (namba 318): wakati wa ukiwa wa roho usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na utulivu. Aliahirisha hadi asubuhi, na asubuhi hakukataa. Inyasi ana pia mbinu nyingine (namba 185), ya kumfikiria mtu usiyemjua kabisa, mwenye hali kama yako, na kujiuliza ungemshauri nini kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Kaka aliijaribu tukiwa njiani kwenda kisimani. Akasema, "Ningemwambia aende, lakini aulize maswali kwanza." Lilikuwa jibu bora kuliko langu la siku ya kwanza, na lilitoka kwake mwenyewe.

Saini ya nani, baada ya nini

Maswali yenyewe ndiyo yaliyokuwa moyo wa jambo. Katika mradi wowote wa ujenzi, mkandarasi hulipwa kwa hati ya malipo inayosema kazi fulani imefanyika kwa kiasi fulani. Ofisi ya miradi huipitisha. Afisa anaweza kuwa ameiona kazi, au anaweza kuwa ameona karatasi tu. Kaka, kwa miaka yake sita ya kutathmini, alikuwa amekutana mara nyingi na daraja lililokamilika kwenye jedwali ambalo uwanjani lilikuwa marundo ya mawe. Alijua saini za namna hiyo hazitiwi na watu wabaya. Hutiwa na watu waliochoka, tarehe 28 ya mwezi, gari halina mafuta.

Wanamaadili, hasa tangu Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori, hutofautisha ushirika wa makusudi katika uovu na ushirika wa nje tu, ambapo mtu hakubaliani na ubaya lakini kazi yake inautumikia kwa namna fulani. Ushirika wa kwanza haukubaliki kamwe. Wa pili hupimwa: uko karibu kiasi gani, kuna sababu nzito kiasi gani, kuna njia nyingine? Anayetia saini kazi ambayo hakuiona hawezi kusema yuko mbali. Saini yake ndiyo inayofungua fedha. Na kusema "sikujua" hakumsaidii sana, ikiwa alipanga kutojua.

Basi busara ya kaka haikuwa tu kuuliza mshahara. Aliandika maswali matatu, akaomba kuonana nao kabla ya kusaini. Je, mkataba huu ni wa ajira, wenye NSSF tangu mwezi wa kwanza? Mradi una fedha zilizothibitishwa hadi lini? Na je, afisa mipango anakwenda uwanjani kabla ya hati ya malipo kupitishwa, au anasaini mezani?

Mama alipinga. Kwake, mtu aliyepewa kazi asianze kuuliza maswali, watampa mwingine. "Mwanangu, utaongea hadi sahani iondoke mezani," alimwambia. Sikuthubutu kumjibu mama kwa Kilatini. Hofu yake ina msingi, na Katekisimu yenyewe (1806), inapoonya kwamba busara isichanganywe na woga, haisemi kwamba hatari haipo. Ingekuwaje kama wangemnyang'anya nafasi kwa swali la tatu? Nilijiuliza hilo usiku, na sikuwa na jibu rahisi. Mimi nalala seminarini, nakula seminarini. Ni rahisi kwangu kuwa na dhamiri safi kwa gharama ya ada ya watoto wa kaka. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana swali ni langu, si lako."

Toma anafundisha (swali la 47, kifungu cha 8) kwamba tendo kuu la busara si kutafuta shauri wala kutoa hukumu, bali kuamuru, yaani kutekeleza lile lililokwisha kuamuliwa. Kifungu kinachofuata kinachukua kutoka kwa Aristotle ushauri kwamba tushauriane taratibu na tutende upesi. Sisi wanafilosofia tuna kasoro ya kupenda nusu ya kwanza. Siku ya nane kaka alivaa shati, akaenda.

Swali la kwanza walimjibu ndiyo, na wakamwonyesha. La pili walimjibu miezi 18 kwa uhakika, sita kwa matumaini. Akalipokea, kwa kuwa angalau halikuwa la uongo. La tatu liliwafanya watazamane. Kiongozi wa ofisi akasema ziara za uwanjani hutegemea mafuta. Kaka akaomba ziara mbili kwa mwezi ziandikwe katika majukumu yake. Wakasema watafikiri. Siku ya tisa hakulala. Siku ya kumi, saa tisa alasiri, wakaleta barua yenye ziara mbili, na masharti kwamba moja atakwenda kwa pikipiki.

Amesaini. Ameanza kazi tarehe mosi, na shemeji atahamia Bariadi shule zikifungwa. Juzi alinipigia simu hapa seminarini, anaugua mgongo kwa ile pikipiki. Mama naye amesikia kuwa ofisi ina gari jipya aina ya pikapu, akamuuliza kama linaweza kupita nyumbani kubeba magunia matatu ya pamba hadi kwenye chama. Kaka amemwambia hapana. Hawajazungumza tangu Jumapili, na mimi nimeombwa na pande zote mbili kuamua.

— Frateri, mwanafunzi wa Falsafa